Mavazi ya baiskeli ya milimani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kaptula yenye pedi huvaliwa juu ya chupi.
Hili ndilo kosa linaloumiza wengi. Pedi, yaani sponji iliyo ndani ya kaptula mahali pa kukalia, imeshonwa ili iguse ngozi moja kwa moja. Chupi ina mishono inayopita kwenye kinena na chini ya makalio, palepale mwili unapobanwa na siti. Ikilowa jasho inajikunja, na kila mzunguko wa pedali unasugua mahali pamoja. Matokeo yake ni michubuko, na ukipanda tena kesho yake, vipele. Vaa kaptula ya pedi bila chupi, kisha kaptula pana juu yake kwa ajili ya stara. Ifue kila baada ya safari, bila dawa ya kulainisha nguo, na uianike pedi ikitazama nje ikauke kabisa. Ikivaliwa na unyevu, bakteria wamo tayari.

Dhana: Pedi ikiwa nene, makalio hayaumi.
Sponji laini mno hubonyea, mifupa ya makalio ikazama, na uzito ukahamia katikati, kwenye neva. Hapo ndipo ganzi inapoanzia. Chagua pedi ngumu kiasi, na uangalie pia upana wa siti.

Dhana: Fulana ya pamba inatosha.
Kwenye tambarare, safari fupi, sawa. Milimani ni habari nyingine. Lushoto, mji wa milima ya Usambara nchini Tanzania, iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mtu akipanda vilima vya Usambara fulana inalowa chapachapa, akianza kuteremka upepo unampiga kifuani na pamba haikauki. Vidole vikifa ganzi kwa baridi, breki haishikwi vizuri. Vaa poliesta nyepesi au sufu laini, na jaketi jembamba la upepo likae mfukoni.

Dhana: Helmeti isiyo na ufa bado ni nzima.
Kinachookoa kichwa ni sponji ngumu ya ndani: husagika ili kumeza kishindo, na ikishasagika hairudi. Ganda la nje laweza kubaki linang'aa. Ukianguka ukagonga kichwa, badilisha. Ikae upana wa vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ikutane chini tu ya sikio.

Dhana: Raba za kukimbilia zinafaa.
Soli yake laini hujipinda juu ya pedali, wayo ukachoka, na kwenye mawe mguu unaruka. Pedali bapa zinataka soli bapa, ngumu kiasi, yenye mpira unaonata kwenye pini, yaani vijino vya juu ya pedali. Kamba za kiatu zichomeke ndani, hasa mguu wa kulia, upande wa cheni.

Dhana: Kinga za magoti zikilegea kidogo ni raha zaidi.
Kinga iliyolegea huteleza hadi kwenye ugoko mara goti linapogusa ardhi. Pima mzingo wa paja kwa futi kamba ulinganishe na jedwali la mtengenezaji, kisha chuchumaa mara kumi dukani. Ikishuka, chukua saizi ndogo zaidi.