Kiacheni choo cha watu

Naandika hili ili siku nyingine nikichoka niwe natuma tu kiungo: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, haipatikani kwa kukalia choo alichokalia mwenzio. Dada zetu wanaoshuka Malindi kutoka Ganze na Magarini kuponda kokoto timboni, kubeba mchanga kwenye mijengo au kufua hotelini huja na maelezo yale yale: "Daktari, ni kile choo cha kazini." Nyapara naye huitikia upesi. Lawama ikishaangukia choo, yeye haulizwi kitu.

Bakteria wenyewe, mara nyingi E. coli, hutoka kwenye utumbo wako wewe. Mrija wa mkojo wa mwanamke una kama sentimita 4, wa mwanamume kama 20. Tendo la ndoa huwasukuma ndani. Basi, hapo pameisha.

Kinachonikera ni kinachofuata. Kwa kuogopa choo, mtu hagusi maji tangu alfajiri. Anaponda mawe kwenye jua la kaskazi, jasho linamwishia, mkojo unakuwa kama chai ya rangi na unakaa kibofuni hadi jioni. Halafu anakuja kuniambia alijihadhari! Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 140 waliokuwa wakiugua UTI mara kwa mara na kunywa maji kidogo. Nusu yao waliongeza lita 1.5 kwa siku. Kwa mwaka mzima waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao mara 3.2. Hawakuwa wanawake wa timbo, najua, lakini kibofu ni kibofu.

Je, kubana mkojo peke yake huleta ugonjwa? Nadhani huchangia, ila ushahidi si mzito kama tunavyojifanya tukiwa kliniki. Hata kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma, ninakohubiri kila siku, tafiti hazijakuthibitisha vizuri. Nitaendelea kuhubiri, hakuna hasara.

Sisemi choo kichafu ni salama. Kuhara, kipindupindu na minyoo vimo humo, na njia yake ni mikono na mdomo. Kwa hivyo choo kisafi na maji ya kunywa ni haki yenu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aviweke. Mimi kumwambia mama "kunywa maji" wakati hana pa kukojoa ni kumcheza shere.

Sasa zamu ya wenye maduka ya dawa. Mwanamke aliyekua akichota maji kwenye madimbwi ya bara, akija na mkojo wa damu, msimkabidhi antibayotiki kisha mkamwambia arudi wiki ijayo. Fikirieni kichocho, ugonjwa wa mnyoo anayepatikana kwenye maji ya namna hiyo. Mayai ya mnyoo huyo hukwama kwenye kibofu, hata kwenye mlango wa kizazi: damu, maumivu wakati wa tendo, pengine ugumba. Nyumbani huitwa ugonjwa wa zinaa, na ndoa inaingia moto bure. Dawa za shuleni zililenga watoto, asiyesoma zilimpita. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi watu wazima nao wapewe.

Kipimo nacho kina vituko. Mkojo ukikosa mayai siwezi kuapa hana, kwa sababu mengine yamejificha kwenye nyama ya mlango wa kizazi. Hapo hufuata historia yake na kumpa prazikwanteli, dawa ya kichocho, na kuna siku sijui kama nimetibu kichocho au nimetibu wasiwasi wangu.

Tena mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati wao wako timboni. Wanaponifikia jua linazama, na chupa ya mkojo wa saa hiyo hainisaidii sana. Nyapara unayesoma hapa, mruhusu saa tano, na usimkate pesa ya siku.