Kuanuliwa kwa matanga si kwisha kwa msiba

Ombi ninalolipokea mara nyingi kuliko mengine yote katika kazi yangu ya unasihi hapa Mwanza ni la ndugu wanaotaka nimsaidie mtu wao "kumaliza msiba". Hueleza kwamba mama alizikwa vizuri, matanga yakaanuliwa, wageni wakarudi Sengerema, Magu na Ukerewe, arobaini ikafanyika, na bado dada yao anatokwa na machozi akiwa sokoni, au kaka yao amekuwa mkimya na mwepesi wa hasira. Kisha hutoa hukumu kwamba mtu huyo amekwama. Wiki iliyopita nimeisikia tena hukumu hiyo, ikitolewa kwa upole na kwa nia njema kabisa, nikaona sasa niandike, maana wengi ninaoletewa kwa maelezo hayo hawana ugonjwa wowote. Wamefiwa na mzazi, na wanahesabiwa siku.

Kalenda wanayohesabiwa ina vyanzo viwili. Cha kwanza nitakipita haraka kwa sababu kasoro yake inajulikana kwa kila aliyesoma fani hii, ingawa kinaendelea kusambazwa kwenye simu kila unapotokea msiba: ni zile hatua tano za kukataa, kukasirika, kujadiliana, kuhuzunika na kukubali. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa mahututi mjini Chicago, yaani watu waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Baadaye zikahamishiwa kwa wafiwa, naye mwenyewe akasisitiza kwamba hakukusudia zifuatwe kwa mpangilio mmoja na watu wote. Mtu anaweza kukikubali kifo cha baba yake siku ileile alipouona mwili, akakasirika miezi saba baadaye, na asijadiliane na yeyote kamwe. Anayemwambia mfiwa kwamba "bado yuko kwenye hasira" amemwongezea mtihani juu ya msiba.

Chanzo cha pili ni matanga yenyewe, na hapa nitakaa, kwa kuwa hapa ndipo tunapoisoma vibaya mila yetu wenyewe. Msiba katika kanda hii ni kazi kubwa. Mtoto wa kwanza, hasa akiwa ndiye mwenye kipato mjini, hupokea habari ya kifo na papo hapo huwa msimamizi wa shughuli: turubai na viti vya kukodi, jeneza, gari la kusafirisha mwili, nauli za wazee wa ukoo, unga na mchele wa watu ambao idadi yao haijulikani, na daftari la rambirambi ambalo lazima likae kwa mtu asiyetiliwa shaka. Nimewasikiliza wengi wa namna hiyo, na wanachokikumbuka kuhusu mazishi ya mzazi wao ni mkaa ulioisha usiku wa manane, jenereta iliyogoma wakati wa ibada, au mjomba aliyenuna kwa kutopewa nafasi ya kusema neno. Uso wa mama wakati wa kuaga wanaukumbuka kwa shida, kwa sababu dakika hiyohiyo kuna mtu alikuwa akiwauliza gari la pili limefika wapi. Mtu huyu hakupata nafasi ya kuomboleza. Amefanya kazi siku kadhaa bila usingizi, amesifiwa kwa kujikaza, na siku ambayo turubai linashushwa ndiyo siku ya kwanza anayopata kukaa na kufikiri kwamba hana mama tena. Kwake msiba unaanza wakati majirani wanapouhesabu kuwa umekwisha.

Kazini nako anasukumwa upande huohuo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhakikishia mwajiriwa angalau siku 4 za likizo yenye malipo anapofiwa na mzazi. Ukiondoa safari ya kijijini, mazishi na kikao cha ukoo, siku hizo zimekwisha, na Jumatatu anatarajiwa awe nyuma ya meza yake akihudumia watu.

Yanayomrudisha kwenye kilio baada ya hapo ni mambo madogo ambayo wengine hawayaoni. Moja linatajwa kwangu mara kwa mara, nalo ni simu. Mtoto aliyezoea kumtumia mama hela ya matumizi kila mwisho wa mwezi hufika siku ile, huingiza namba kwa mazoea, jina kamili la mama linatokea kwenye kioo likimtaka athibitishe, na kidole kinasimama hapo. Wengine hupiga namba hiyo ili tu waisikie ikiita. Laini isiyotumika hufungwa baada ya muda na namba kugawiwa mteja mwingine, na siku sauti ngeni inapopokea na kuuliza "nani mwenzangu?", mtu mzima mwenye watoto hukaa chini akalia kama siku ya mazishi. Ndugu wakimwona husema amerudi nyuma. Ukweli ni kwamba amepoteza kitu kingine kilichokuwa kimebaki, na kilio hicho ni cha halali kama kile cha kwanza.

Mirathi nayo inafungua jeraha, hata pale ambapo hakuna ugomvi: muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, tarehe za Mahakama ya Mwanzo, na kila mara kutamka mbele ya karani kwamba baba ni marehemu. Palipo na ugomvi, mfiwa hupoteza mzazi na ndugu kwa mkupuo mmoja. Nikiletewa mtu aliyebadilika ghafla miezi mingi baada ya mazishi, kesi ya mirathi ni miongoni mwa mambo ya kwanza ninayouliza.

Wanaosema mila imeiwekea huzuni mwisho naomba waitazame mila kwa makini zaidi. Matanga huanuliwa ili watu warudi mashambani, ziwani na madukani, kwa sababu kijiji hakiwezi kusimamisha shughuli zake daima. Ni ruhusa ya wageni kuondoka, wala haijawahi kuwa amri kwa mtoto wa marehemu kuacha kuhuzunika. Uislamu umeweka siku tatu za maombolezo kwa mzazi, lakini haukukataza machozi, na dua ya mtoto mwema kwa mzazi aliyetangulia haina tarehe ya mwisho. Wakatoliki, ambao ni wengi hapa, wana misa za kumbukumbu na tarehe 2 Novemba ya kila mwaka kwa ajili ya marehemu wote. Kaburi hujengewa baadaye, pengine miaka baadaye, na watu hukusanyika upya. Mjukuu hupewa jina la bibi yake, na binti aliyefiwa anajikuta anamwita mtoto wake wa kumzaa "mama" kila siku ya maisha yake. Haya yote ni mapito ya kumrudia mzazi. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walipowaonyesha wataalamu wenzao wa Magharibi kwamba wafiwa wengi wenye afya njema huendeleza uhusiano na marehemu wao, walikuwa wanapinga fundisho la muda mrefu kwamba mfiwa lazima aukate uhusiano huo ndipo apone. Wazee wetu hawakuwa na fundisho hilo. Tumelipokea sisi, tukalivika nguo za matanga, na sasa tunawapiga nalo wafiwa.

Kwa nini basi mtu huyohuyo anacheka harusini Jumamosi na kushindwa kuamka Jumapili? Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya mambo mawili: kuukabili uchungu wenyewe, na kushughulikia maisha yaliyobadilika, ikiwemo kupumzika kutoka kwenye huzuni. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha kuendelea. Mfiwa anayecheka hajamsahau baba yake, na anayelia baada ya kucheka hajaharibikiwa. Naona nimelieleza jambo hili mara nyingi kuliko jingine lolote, na bado naulizwa kama yule aliyecheza harusini "alikuwa anaigiza".

Vivyo hivyo siwezi kuvumilia maneno "alikuwa mzee, ameishi". Umri wa marehemu unapima maisha yake. Haupimi nafasi aliyokuwa nayo kwa mtoto wake. Mtu wa miaka 55 aliyefiwa na mama wa miaka 84 amempoteza shahidi wa mwisho wa utoto wake, na pengine mtu pekee aliyekuwa bado anamwita kwa jina la nyumbani. Kwa wengine kuna nafuu iliyochanganyika na aibu, hasa waliomuuguza mzazi kwa muda mrefu wakatamani mateso yake yaishe. Na kuna waliofiwa na baba aliyewatelekeza, ambao hulia kwa ajili ya baba ambaye hawakuwahi kumpata. Hao hawajui hata wapokee vipi mkono wa pole. Wote hao wana haki ya kusikilizwa bila kuulizwa kama huzuni yao inastahili.

Sisi wa mwambao wa ziwa tuna ushahidi mwingine wa jinsi huzuni inavyopuuza kalenda. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na wengi waliokufa walizikwa kwa pamoja hapa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Waliokuwa watoto mwaka 1996 leo wana watoto wao, na anayefikia umri aliokuwa nao mzazi wake siku ile anaweza kuhuzunika kwa namna ambayo hakuweza akiwa na miaka sita, kwa sababu sasa ndipo anapoelewa mzazi kijana kiasi kile alikatishiwa nini. Pale ambapo mwili haukupatikana au haukutambuliwa, hata kaburi la kuelekea hakuna.

Sisemi kwamba hakuna huzuni inayogeuka ugonjwa. Ipo. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unaitambua pale ambapo shauku kali kwa marehemu, au kumfikiria yeye tu, inadumu zaidi ya miezi 6 na kumzuia mtu kuishi maisha yake. Mwongozo wa Marekani wa mwaka huohuo unataka miezi 12 kwa watu wazima. Kutofautiana kwao kunatosha kukuonyesha kwamba mpaka huo umewekwa na watu. Mwongozo wa kwanza unataka pia hali hiyo iwe imezidi desturi za jamii na dini ya mfiwa, na hapa nakiri wazi kwamba napata shida: mtu anayezungumza na mama yake kaburini kila Jumapili, akamweleza habari za shule za wajukuu, amezidi desturi ya nani? Mimi huacha kuhesabu miezi nikatazama kama anakula, analala, anafanya kazi, anawajali wanaomtegemea, na kama hali yake inalegea hata kidogo kadiri muda unavyopita. Anayesema anatamani kufa ili amfuate mzazi wake hasubiri mwezi wa sita wala wa kwanza. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza ina idara ya afya ya akili.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa fani yangu hawapendi kulisema hadharani. Tafiti hazionyeshi kwamba kumpa kila mfiwa vikao vya unasihi kunamfaa. Faida inaonekana zaidi kwa wale ambao uchungu umewaelemea, na wengi waliobaki hutengemaa wakiwa na watu wao. Kwa hiyo wengine nawarudisha nyumbani, na kazi ninayoifanya ni kwa ndugu waliowaleta. Huwauliza: na ninyi, mlifiwa na nani? Mara nyingi hukaa kimya, kwa sababu mama ni mmoja, na dada anayelia amebeba kilio ambacho wao hawakujiruhusu.

Watoto nisiwasahau, ingawa nitasema kwa ufupi. Waambieni amekufa. "Amesafiri" humfanya mtoto asubiri mlangoni, na "amelala" humfanya aogope usingizi. Mtoto aliyefiwa na kuachwa mikononi mwa wasiomtendea vyema anaweza kusaidiwa kwa kupiga 116 bila malipo, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri ana wajibu wa kumfuatilia.

Kwa watu wazima, msaada ninaouamini zaidi tayari tunao, ila unakuja mapema na kuondoka mapema. Jumuiya ndogondogo, msikiti, majirani, vikundi vya kufa na kuzikana: vyote hujaa wiki ya kwanza, wakati mfiwa amezungukwa na hana hata pa kukaa, na mwezi wa tatu hakuna anayebisha hodi. Vikundi vya kuzikana vina katiba, viongozi na orodha ya wanachama, na katiba nilizoziona zinaeleza kwa shilingi mchango wa jeneza na chakula, kisha zinanyamaza. Ninaviomba viongeze kifungu kimoja: wanachama wawili wamtembelee mfiwa mwezi wa tatu na tena siku ya mwaka, bila bahasha na bila mahubiri, wakae, wamtaje marehemu kwa jina, wamuulize alipenda kupika nini au alikuwa akitania vipi, na wasiangalie saa. Kikundi kitakachotaka kujifunza namna ya kusikiliza bila kumkatiza mfiwa, nitakifuata kilipo na kuwafundisha wanachama wake bila malipo.