Mvule ni mti gani, na kwa nini miche yake hufa?

Mvule (Milicia excelsa) ni mti mkubwa wa asili wa Afrika, wa ukoo mmoja na mforosadi, mkuyu na mfenesi. Huota kuanzia Guinea-Bissau hadi Msumbiji. Afrika Mashariki hupatikana katika misitu ya pwani, kwenye mabonde ya mito, chini ya milima kama Usambara Mashariki, na Uganda, hasa Busoga. Hupenda nyanda za chini zenye joto na mvua nyingi, lakini si mti wa kinamasi. Udongo uwe na rutuba na unyevu, ila maji yasituame.

Kiangazi kikikolea, mvule hupukutisha majani na kubaki mtupu kwa muda mfupi kabla ya kuchipua upya. Asiyeujua hudhani umekufa. Kwangua gome kidogo: ukiona utomvu mweupe kama maziwa, mti ni mzima.

Mti mzima hufika hata mita 50, shina limenyooka, na tawi la kwanza laweza kuwa mita 20 kutoka ardhini. Mche haufanani kabisa na mzazi wake. Majani yake yanakwaruza kama msasa na kingo zake zina meno, ilhali ya mti mzima ni laini na kingo zake hazina meno. Wengi hung'oa miche ya mvule shambani wakidhani ni magugu. Angalia mizizi: ina rangi ya kahawia nyekundu yenye vidoa vya manjano.

Kuna mivule dume na mivule jike. Dume hutoa vishada vyembamba vyeupe vinavyoning'inia. Jike hutoa vishada vifupi, vinene na vya kijani, ambavyo ndivyo vinavyokuwa matunda. Kwa hiyo ukiacha mvule mmoja tu shambani usitegemee mbegu, hata ukiwa jike, kama hakuna dume jirani. Popo hula matunda hayo na kusambaza mbegu mbali na mti mama, jambo lenye faida kubwa kama tutakavyoona.

Mbegu ni ndogo mno, kama milimita 2. Okota matunda yaliyoiva chini ya mti jike mapema, kabla wanyama hawajayamaliza. Yaloweke, yaponde kwa mkono, chuja nyama yake, kisha anika mbegu kivulini. Zisie mapema, maana zikiwekwa ovyo katika joto hupoteza uhai haraka. Changanya na mchanga laini ili zisirundikane, nyunyiza juu ya tuta na funika kidogo sana, kwani zinahitaji mwanga. Mwagilia kwa matone madogo. Maji ya nguvu huzizamisha au kuzisomba. Huota baada ya wiki mbili au tatu.

Hapa ndipo taabu inapoanza. Mdudu mdogo mfyonza utomvu, wa jenasi ya Phytolyma, hutaga mayai kwenye vichipukizi vya mvule. Tunutu wakianguliwa hupenya ndani ya tishu laini, na mche hujenga kivimbe kuwazunguka. Wakikomaa, kivimbe hupasuka na mdudu huruka. Kidonda kinachobaki huingiwa na kuvu, nacho kichipukizi huoza kuanzia nchani hadi sehemu iliyokwisha kuwa ngumu. Mche huchipua tena, hushambuliwa tena, na hatimaye huishiwa nguvu. Dawa ya kunyunyizia juu ya jani haisaidii sana, kwa sababu tunutu amejificha ndani.

Hii ndiyo sababu kubwa ya kukosekana kwa mashamba makubwa ya mivule pekee, ingawa mbao zake zinatafutwa sana: kiini chake kinastahimili mchwa na kuoza, hivyo kinafaa kwa milango, mashua na samani. (Fundi avae barakoa, maana vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua. Ajihadhari pia na mawe ya chokaa ambayo mti hujitengenezea ndani. Yanaharibu meno ya msumeno.)

Anayetaka kuupanda aige msitu. Usiisonge miche ya mvule pamoja wala kuiweka juani peke yake. Itawanye kati ya miti ya jamii nyingine inayotoa kivuli chepesi, na iwe mbali na mvule uliokomaa, kwani huko ndiko wadudu wanakotoka. Kagua vichipukizi mara kwa mara. Ukiona kivimbe, kata chini yake kabla hakijapasuka, uchome kipande hicho, na katika machipukizi yatakayofuata bakiza moja lililonyooka zaidi ili liwe shina.