Kwa nini bado tunaihitaji miale ya pioni

Resonansi ya barioni, yaani hali ya msisimko ya muda mfupi mno ya chembe za jamii ya protoni na nyutroni, haipigwi picha. Delta(1232), nyepesi kuliko zote, huishi takriban sekunde 5.6 × 10⁻²⁴, muda ambao hata nuru husafiri umbali wa kipenyo cha protoni tu. Tunachokiona ni kilima kwenye grafu: unapandisha nishati ya mwale kidogo kidogo, unahesabu migongano, na mahali fulani idadi inapaa kisha inashuka. Kilele kinakupa tungamo. Upana wa kilima, kama MeV 117 (MeV ni kipimo cha nishati, na cha tungamo la chembe pia), unakupa umri: kilima kikiwa kipana, umri ni mfupi.

Mwaka 1952 Enrico Fermi na wenzake kule Chicago waliona upande wa kupandia wa kilima hicho. Walirusha pioni, chembe nyepesi zinazoguswa na kani kali (ile inayoshikilia viini vya atomi), kwenye haidrojeni, ambayo kiini chake ni protoni moja. Kinachonivutia mpaka leo ni uwiano: karibu na kilele, pioni chanya hutawanywa na protoni mara 9 kwa kila mara 1 ya pioni hasi inayotoka ikiwa bado hasi. Tarakimu hiyo ndiyo inayotarajiwa ikiwa isospini ya hali ile, namba inayopanga chembe za kani kali katika familia zinazotofautiana kwa chaji, ni 3/2.

Uzuri wa pioni ni kwamba huungana na protoni moja kwa moja, na tofauti na protoni inapogonga protoni, hakuna protoni ya ziada ya kuvuruga hesabu. Ipe nishati ya mwendo ya MeV 190 na umefika kwenye kilele cha Delta. Ongeza, unafika kwingine.

Tabu ni kuupata mwale wenyewe. Pioni zenye chaji huishi nanosekunde 26, kwa hiyo lazima uzitengeneze papo hapo. Kwenye jaribio la HADES huko GSI, maabara ya viini vya atomi mjini Darmstadt, Ujerumani, mwaka 2014, viini vya nitrojeni viligongeshwa kwenye berili, kisha sumaku zikachuja pioni hasi zenye momenta (kiasi cha mwendo) ya takriban MeV/c 690. Kwa kasi hiyo, kila mita 39 za safari hubakiza asilimia 37 tu ya pioni. Nyingine zimeshaoza njiani.

Na shabaha? Polithini, naam, plastiki. Ina haidrojeni ya kutosha na haihitaji mtambo wa kugandisha. Ila ina kaboni pia, kwa hiyo unarudia kipimo kwa kaboni tupu, halafu unatoa. Kinachobaki ni protoni.

Mwale huo unakupeleka karibu na MeV 1490 za nishati ya mgongano, na hapo ndipo penye kazi, maana N(1440), N(1520) na N(1535), resonansi zinazoitwa kwa tungamo zao katika MeV, zimelaliana. Kilima kimoja hakikuambii nani ni nani. Inabidi usome pembe ambazo chembe zinatokea, kwa sababu kila spini (kiasi cha mzunguko wa ndani wa chembe) ina mpangilio wake wa pembe, kisha uzitenganishe resonansi kwa uchambuzi wa mawimbi sehemu, yaani kugawanya mtawanyiko katika mchango wa kila spini. Data za fotoni (chembe za nuru) kutoka maabara za Mainz na Bonn, Ujerumani, na Jefferson Lab, Marekani, ni nyingi na nzuri, lakini fotoni pekee hukupa zao la nguvu mbili: ya kuizalisha resonansi na ya kuivunja. Bila pioni huzitenganishi. Kwa maoni yangu, kuendelea kutegemea vipimo vya pioni vya miaka ya 1960 na 1970, ambavyo vingine vinapingana, ni uzembe wa fani nzima.

HADES iliongeza jambo ambalo vipimo vile vya zamani havikuwa nalo: jozi za elektroni na positroni (elektroni zenye chaji chanya). Ni adimu mno, lakini zinatoka bila kuguswa na kani kali, na umbo la wigo wao linaonyesha jinsi mesoni ya rho, chembe nyingine ya kani kali, inavyoshiriki resonansi inapogeuka kuwa nyutroni.