Mwanamke wa skwoshi ya kulipwa: tunavyodhani na ilivyo

"Skwoshi ya wanawake ilikuja baadaye, ikibebwa mgongoni na ile ya wanaume." Kalenda ya mchezo huu wa kupiga mpira ukutani kwa raketi ndani ya chumba inakataa. British Open, mashindano yaliyohesabiwa kwa miongo mingi kuwa ubingwa wa dunia usio rasmi, yalianza kwa wanawake mwaka 1922. Wanaume walisubiri hadi 1930. Na ukitafuta rekodi ya kutisha kuliko zote katika mchezo huu, utaikuta kwa mwanamke: Heather McKay wa Australia alitwaa taji hilo mara 16 mfululizo, kuanzia 1962 hadi 1977, na katika miaka yake yote ya ushindani alifungwa mechi mbili tu.

"Wanawake hulegezewa masharti." Uwanja ni uleule wa mita 9.75 kwa 6.4, mpira ni uleule, na mshindi ni yule wa kwanza kufikisha seti tatu za pointi 11. Tofauti iliwahi kuwapo kwenye bati, lile la chini ya ukuta wa mbele ambalo mpira ukiligusa pointi imekwenda. Wanaume wa kulipwa walikuwa wakichezea la sentimita 43, wanawake la 48. Chama cha wanawake kilipoungana na PSA, chama cha wachezaji wa skwoshi ya kulipwa, mwaka 2015, bati la wanawake nalo likashushwa. Sentimita tano zaonekana si kitu, sivyo? Ila bati likiwa chini, mpira wa kudondosha mbele hufia karibu zaidi na sakafu. Anayeufukuzia hana budi kurusha hatua ndefu, kuinama kama anayechota maji kisimani, kisha kurudi katikati kabla mpinzani hajaupeleka nyuma kabisa. Fanya hivyo kwa saa nzima ndipo useme habari za kulegezewa.

"Zawadi siku hizi ni sawa, basi wote wanakula vizuri." Hapa ndipo watu hupotea zaidi, kwa sababu nusu ya maneno hayo ni kweli. US Open ya skwoshi yalisawazisha zawadi mwaka 2013, British Open yakafuata 2017, na ubingwa wa dunia uliochezwa Chicago mwaka 2019 ulikuwa na dola milioni moja, nusu kwa nusu. Usawa huo haukuletwa kwenye sinia. Dipika Pallikal wa India alisusia mashindano ya taifa lake kwa miaka kadhaa kwa sababu wanawake walipewa kidogo, akarejea 2016 zawadi zilipolingana.

Lakini kulingana na mwanamume si kushiba. Mchezaji wa skwoshi hana klabu inayomlipa mshahara wa mwezi kama mwanasoka. Fungu nono huishia kwa wanaofika nusu fainali na fainali; anayetolewa raundi ya kwanza huondoka na kiasi ambacho mara nyingi hakifidii nauli na hoteli. Kocha anamlipa mwenyewe. Mtaalamu wa viungo, mwenyewe. Tena kuna mtego wa viwango: aliye chini kwenye orodha ya dunia haingii mashindano makubwa, kwa hiyo anahangaika kwenye madogo yenye pointi chache na pesa chache, akitafuta pointi za kumtoa humohumo. Akiumia miezi sita, anaporomoka na kuanza ngazi upya. Ndiyo maana wengi huchezea pia timu za ligi za Ulaya kwa malipo ya kila mechi, au hufundisha watoto. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Huyu karibu kila wiki anacheza kwa watu.

"Lazima uache shule." Amanda Sobhy wa Marekani na Gina Kennedy wa Uingereza walisoma Chuo Kikuu cha Harvard, na wote wawili waliingia kumi bora za dunia.

"Ukizaa, umekwisha." Nour El Tayeb wa Misri, aliyetwaa US Open mwaka 2017 siku ileile mumewe Ali Farag alipotwaa la wanaume, alijifungua kisha akarudi kwenye mashindano. Sisemi ni rahisi. Nasema aliyeandika kanuni hiyo hakumuuliza yeye.

"Kama ingekuwa kazi ya maana, ingekuwa Olimpiki." Kinachoamua hapo ni kura za Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, wala si ubora wa wachezaji. Nicol David wa Malaysia alikaa namba moja duniani miezi 108 bila kushuka, kuanzia 2006 hadi 2015, akachukua mataji manane ya dunia, na muda wote huo alipigania mchezo wake uingizwe kwenye Olimpiki. Mwaka 2013 nafasi ikaenda kwa mieleka. Alistaafu 2019. Kibali kikatoka Oktoba 2023: skwoshi itachezwa Los Angeles mwaka 2028. Nour El Sherbini wa Misri, aliyemfikia David kwa taji la nane la dunia mwaka 2025, atakuwa na miaka 32 siku mlango huo utakapofunguliwa.