Eti ushuru wa nyumba za kupangisha unatozwa kwenye faida tu?

Jirani yangu hapa Kampala ana vyumba vinne, kila kimoja laki nne kwa mwezi, juzi ananiambia mwaka huu URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hawamdai kitu maana hela yote imeishia kwa mabati na rangi. Jamani hapana! Mtu binafsi anakatwa 12% ya pango lote alilokusanya kwa mwaka, zikishatolewa 2,820,000 za mwanzo, gharama hazipunguzwi hata senti, iwe fundi iwe riba ya benki. Yeye anakusanya 19,200,000, zinabaki 16,380,000, ushuru 1,965,600. Na asidhani atampandishia mpangaji anavyotaka, sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inasema isizidi 10% kwa mwaka, halafu kumtimua mtu bila amri ya korti ni kosa.