Ushuru wa kontena haupigwi kwenye bei ya dukani peke yake

Wengi wanaoagiza mzigo kupitia bandari ya Dar es Salaam wanaamini ushuru hupigwa kwenye bei iliyoandikwa kwenye ankara ya muuzaji, na kinachozidi hapo ni wakala wa kutoa mzigo bandarini kajiongezea. Si ajabu kufikiri hivyo, maana ankara ndiyo karatasi pekee ambayo waagizaji wengi wameizoea.

Forodha za Afrika Mashariki, kwa mzigo wa meli, huchukua bei ya bidhaa, bima na nauli ya meli mpaka bandarini, zote kwa pamoja. Tuseme vigae vya dola 10,000, nauli 2,500, bima 100. Thamani ya kutozwa ni 12,600. Kiwango kikiwa asilimia 25, ushuru ni 3,150. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 nayo haianzi kwenye 12,600, bali kwenye 15,750, ushuru ukiwa umeshajumlishwa: 2,835. Hapo ndipo wengi hushtuka. Tozo nyingine ndogo hufuata.

Kuhakiki si kazi kubwa. Mwombe wakala nakala ya kadhia, yaani tamko la mzigo linalopelekwa forodha, utazame msimbo wa bidhaa, yaani namba ya kuiainisha, kisha uulinganishe na kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, ambacho kipo wazi mtandaoni. Kikokotoo cha simu kinatosha. Gharama za kuhifadhi kontena na za kulichelewesha hazimo kwenye kadhia. Hizo ni za bandari na wenye meli, nazo zidai risiti zake peke yake.